Takataka za Kifo: Tukikisoma Upya Kitabu cha Monica Wilson Juu ya Matanga ya Wanyakyusa

Katika makala haya tunakusudia kukirudia kitabu kimoja ambacho wanafunzi wetu hukitaja mara nyingi na kukisoma mara chache. Ni kitabu cha Monica Wilson, "Rituals of Kinship among the Nyakyusa", kilichotolewa London mwaka 1957. Kinahusu mila za uzazi, unyago, ndoa, msiba na mikosi katika nchi iliyo kati ya Mlima Rungwe na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Sisi tutashughulika zaidi na sehemu ya maziko na matanga. Hatuandiki kama wataalamu wa mila, bali kama mtu ambaye kazi yake imemsimamisha kando ya makaburi mengi ya bonde la Kyela, na ambaye amekuwa akisema maneno kando ya makaburi hayo kwa ujasiri usiolingana na ujuzi wake.

Yafaa tueleze mara moja jambo lililotupeleka kwenye kitabu hiki. Katika mwaka wetu wa kwanza wa uchungaji, tukihudumu katika mtaa mmoja wa ufukoni, tulimzika mtoto aliyechukuliwa na mafuriko ya mwezi wa Aprili. Ajuaye Kyela hahitaji kuelezwa. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kufika mahali ambapo ardhi ni tambarare kama mkeka. Mvua zikizidi, mto hausubiri kingo zake. (Songwe hata huhama njia yake, na kwa kuwa ndio mpaka, mtu aweza kulala shambani kwake Tanzania akaamka mto ukiwa umepita upande wa pili wa migomba yake.) Tulihubiri kutoka Warumi sura ya 5. Tulieleza ngazi ile ya Mtume Paulo: dhiki, saburi, uthabiti wa moyo, tumaini. Tukasema kwamba mateso ni shule ya Mungu, na kwamba mtu wa ndani hukua kwa njia yake. Tuliona tumehubiri vizuri.

Baada ya ibada bibi wa marehemu alitushika mkono, akatupeleka kando, karibu na mchikichi. Akasema kwa upole, "Mchungaji, mwanangu, umesema dhiki hii itatukuza. Sawa. Na huyu aliyelala humo, yeye imemkuzaje?"

Hatukumjibu. Tulisema maneno fulani, lakini hayakuwa jibu. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba neno lile lina masikio mawili. Tulipotamka kwamba dhiki "itatukuza", sisi tulikusudia kukua. Kiswahili chenyewe kilisikia utukufu. Bila kujua tulikuwa tumehubiri teolojia ya utukufu mbele ya jeneza fupi kuliko mkono uliokunjuliwa mara mbili, sisi tuliofaulu mtihani wa Mabishano ya Heidelberg ya mwaka 1518 na tuliojua kueleza kwa nini Luther aliipinga teolojia hiyo.

Sasa tuje kwenye kitabu. Godfrey Wilson alifika Unyakyusa mwaka 1934; Monica Hunter, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, aliungana naye mwaka 1935 baada ya kufunga ndoa. Walikaa, kwa vipindi, hadi mwaka 1938. Walijifunza lugha, walihudhuria misiba mingi, na walisaidiwa sana na wenyeji, hasa Leonard Mwaisumo, ambaye bila yeye sehemu kubwa ya kurasa hizi isingaliandikwa. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha katika jarida la "Bantu Studies" makala marefu juu ya desturi za maziko za Wanyakyusa. Humo anaeleza jinsi wanawake walivyolia nyumbani na kaburini, na jinsi wanaume walivyocheza ngoma uwanjani wakiwa na mikuki, ngoma iliyofanana na vita. Alipouliza sababu, alielezwa kwamba kifo huwasha vita moyoni, na kwamba huzuni na hofu huchokoza hasira, nayo hasira yapaswa kuchezwa. Aliona pia kwamba maziko ya Wakristo yalikuwa na utulivu zaidi, ya nyimbo na sala badala ya ngoma ile. Wamisionari wetu wa Berlin, waliofika nchi hii mwaka 1891, na wenzao Wamoravian waliofika mwaka uo huo, wangeweza kufurahia taarifa hiyo. Sisi hatuna hakika kwamba ni ya kufurahia yote.

Godfrey hakupata kuandika kitabu kamili. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Akajiuzulu mwaka 1941, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya msimamo wake wa kukataa vita. Aliugua huzuni nzito ya nafsi, na mwaka 1944 alijiua. Monica alibaki na watoto wawili wa kiume na masanduku ya daftari za watu wawili. Kutokana na daftari hizo alitoa "Good Company" mwaka 1951, kisha kitabu hiki mwaka 1957, kisha "Communal Rituals of the Nyakyusa" mwaka 1959. Mwaka 1955 alirudi Unyakyusa.

Tunayataja haya kwa kusita. Si desturi ya uhakiki wa kitaalamu kuchungulia chumba cha mwandishi. Lakini msomaji afikirie: kitabu ambacho sehemu yake yenye nguvu kuliko zote ni ile ya jinsi mjane na wafiwa wanavyovushwa katika kifo, kimeandikwa na mjane, kutokana na maandishi ya mume aliyemzika. Wala hajitaji katika kurasa hizo. Hakuna machozi, hakuna hata kivumishi kilichopotea njia. Kuna mikeka, ndizi, maji, moto, ufagio, na mpangilio wa nani anafanya nini kabla ya nani. Wapo wasomaji walioona ukavu katika mtindo huo. Sisi twaona heshima: mwandishi aliwaacha Wanyakyusa waomboleze kwa namna yao, asiwaazime machozi yake.

Kiini cha maelezo yake, kwa kadiri tunavyomwelewa, ni hiki. Wanyakyusa aliowaandika waliogopa wazimu kuliko walivyoogopa mauti. Wazimu ulihusishwa na uchafu: mwendawazimu ndiye alaye takataka, asiyejua tofauti ya kinyesi na chakula. Ulikuwapo wazimu utokao kwa Mungu, na ulikuwapo ule umpatao mtu aliyeacha kutimiza mila. Watu hawa walikuwa waangalifu mno katika kujitenga na uchafu. Hata hivyo, ilipofika siku ya matanga, takataka za nyumba zilifagiliwa na kumwagwa juu ya wafiwa. Hazikutupwa nje, zilimwagwa juu yao. Maana yake, kama alivyoelezwa mwandishi, ni kwamba hizi ni takataka za kifo, na ni heri zije sasa, zipokelewe kwa hiari, kuliko kuja baadaye zenyewe na kumkuta mtu akiwa peke yake.

Miaka 9 baada ya kitabu hiki kutoka, Mary Douglas alikitumia katika sura ya mwisho ya "Purity and Danger", kitabu kilichomletea sifa. Sura hiyo inahusu mpangilio uliovunjika na kufanywa upya. Yeye aliona katika ufagio ule wa Wanyakyusa kitu ambacho dini nyingi hukitafuta: mtu akiukumbatia uchafu na kifo kwa hiari yake katika ibada, hujikinga na nguvu yake ya kuharibu. Twamshukuru kwa kuliona jambo hili. Lakini twamlaumu kidogo kwa kulichukua kwa haraka mno kutoka uwanja wa Mnyakyusa hadi kwenye kanuni ya wanadamu wote. Mikononi mwake ufagio unakuwa wazo, ilhali katika kitabu cha Wilson ulishikwa na watu wenye undugu na marehemu, baadhi yao wakiwa wamegombana.

Na hapo ndipo palipo na utajiri mkubwa zaidi wa kitabu, ambao wasomaji wengi huupita. Wilson anarudia tena na tena kwamba mila haiponyi kitu ikiwa ndugu wamekaa na hasira zao mioyoni. Kabla ya kuomba, kabla ya kula pamoja, sharti mtu aseme wazi: nilikasirika kwa sababu ya ng'ombe fulani, nilikasirika kwa sababu hukunijia nilipougua. Hasira iliyofichwa ndiyo iletayo maradhi na utasa. Ikitamkwa mbele ya wenyewe, hutoka. Hakutakiwa mtu asiye na hasira, wala hakusifiwa aliyeimeza. Alitakiwa mtu aitoaye nje kwa kinywa chake, mahali ambapo wengine wanaisikia na kuijibu. Ukiweka jambo hili pamoja na ngoma ya mikuki ya makala ya mwaka 1939, utaona kwamba mfiwa wa bonde hili hakuachwa atafute nguvu ndani yake. Alipewa vita vyake avicheze, takataka zake azipokee, na maneno yake ayaseme, na yote hayo mbele ya watu.

Mahubiri yetu, kinyume chake, humwambia mfiwa ajikaze.

Tunasema hivyo tukijua kwamba wapo watakaouliza: je, mhadhiri wa chuo cha Kilutheri anataka kuturudisha kwenye ufagio? La hasha. Tuna hoja tatu dhidi ya kitabu hiki na dhidi ya mila zenyewe, wala si ndogo.

Kwanza, mila hizo zililenga kumtenga marehemu na walio hai, hasa na ndoto zao. Kusahau ilikuwa ni afya. Kanisa halikusanyiki kaburini ili kusahau. Luther alipompoteza binti yake Magdalena mwaka 1542, akiwa na umri wa miaka 13, alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe hawakuweza kujizuia kulia, ingawa walijua imani yawafundisha nini. Mtu huyu alikuwa ameandika juu ya ufufuo kuliko sisi sote, na bado hakudai kwamba huzuni ile imemkuza. Alisema inamuuma, na alimngojea binti yake. Tofauti ya kusahau na kungojea ndiyo tofauti ya matanga ya kale na matanga ya Kikristo. Wilson, aliyekuwa Mwanglikana mwenye imani, bila shaka aliijua, lakini kitabu chake hakikujipa kazi ya kuipima.

Pili, mzigo haukugawanywa sawa. Wanaume walicheza uwanjani. Mjane alikaa ndani, na baada ya matanga alirithiwa na nduguye marehemu, au hata na mwana wa mumewe aliyezaliwa na mke mwingine. Tunapozungumza juu ya "jamii" inayofanywa upya baada ya kifo, yatupasa kuuliza ni nani aliyetumika kuwa daraja. Mwandishi anaorodhesha mambo haya kwa uaminifu, lakini haulizi mjane mwenyewe alifikiri nini usiku ule. Pengine hakuona ni halali kumjibia. Hata hivyo, katika kitabu kirefu hivi kuhusu undugu, ukimya huo ni mkubwa, na kwa kuwa tunajua aliyekiandika alikuwa nani, unatusumbua zaidi.

Tatu, na hili ndilo la uzito kwetu: kitabu kinatuonyesha wafiwa waliovushwa. Wanaogeshwa, wananyolewa, wanarudi kula na kuongea na wenzao, wanarudi katika kule kuangaliana na kufurahiana ambako Wanyakyusa hukuita "ukwangala" na ambako Wilson alikufanya jina la kitabu chake cha kwanza juu yao. Je, asiyerudi? Yule ambaye takataka zilimwagwa juu yake, maneno yakasemwa, na bado wazimu ukamjia? Kwa jibu la mila, bila shaka kulikuwa na kosa katika utimizaji wake. Hili ni jibu la rafiki zake Ayubu. Nasi hatuwezi kulicheka, kwa kuwa ndilo tulilonalo: mfiwa asipokomaa kwa msiba wake, tunasema imani yake ni haba. Godfrey Wilson alijua mila za kuvuka huzuni kuliko Mzungu mwingine yeyote wa wakati wake, naye hakuvuka. Tunajua jinsi baadhi ya sharika zetu zinavyolitendea kaburi la mtu aliyekufa kifo cha namna ile: ibada fupi, kengele kimya, mchungaji mwenye safari ya ghafla. Mtu mmoja mwenye uzito wa kutosha kusimama kinyume cha teolojia nzima ya "dhiki hukuza" yumo katika historia ya kitabu chenyewe, ingawa hayumo katika kurasa zake.

Turudi basi kwa Paulo, maana tulimtumia vibaya. Ngazi ile ya Warumi 5 haianzi na dhiki. Inaanza na amani na Mungu na neema ambayo tayari tumesimama ndani yake; dhiki inaingia baadaye, kama mgeni ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Wala mwisho wake si uimara wa mtu, bali ni upendo uliomiminwa mioyoni na Roho. Tena Mtume anasema "sisi" kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulipoihubiri pale ufukoni, tuliikata kichwa na miguu, tukabakiza kiwiliwili, kisha tukampa kila mfiwa achukue kipande chake aende nacho nyumbani. Ndivyo ilivyo pia katika 2 Wakorintho 4:16, mahali ambapo mtu wa ndani hufanywa upya siku kwa siku. Kiswahili kimehifadhi vizuri hali ya kutendwa ya Kiyunani: hufanywa. Hajifanyi. Wala aya ile haisemi kwamba kuchakaa kwa mtu wa nje ndiko kunakomfanya upya wa ndani. Inasema tu kwamba mambo hayo mawili hutokea pamoja. Anayegeuza "pamoja na" kuwa "kwa sababu ya" amefanya mauti kuwa mwokozi.

Luther, katika dibaji ya maandiko yake ya Kijerumani ya mwaka 1539, alitaja mambo matatu yanayomfanya mwanateolojia: sala, kutafakari Neno, na jaribu. Wanafunzi hupenda kulitaja la tatu kana kwamba jaribu lina uwezo wake lenyewe. Lakini kwa Luther jaribu ni jiwe la kupimia. Linaonyesha kwamba Neno ni kweli na tamu. Bila Neno jaribu ni jaribu tu, na mafuriko ni maji tu.

Hapa tuombe ruhusa ya kuchepuka kidogo. Mmoja wa wanafunzi wetu, mwenyeji wa Matema, alituuliza kwa nini tunajisumbua na kitabu cha mila zilizokwisha kuachwa. Tulimkumbusha jina analomwitia Mungu kwa lugha ya mama yake: Kyala. Kabla halijawa katika midomo ya wamisionari jina hilo lilikuwa la shujaa aliyeabudiwa pangoni karibu na Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, pale pale ambapo wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu wanavyovileta kwa mitumbwi kuuza sokoni Matema. Wamisionari walilichukua jina, wakaliweka juu ya madhabahu, nalo limekaa. Ikiwa baba zetu waliweza kubatiza jina lenyewe la Mungu kutoka pango la ufukoni, mbona tumeogopa kubatiza kilio? Tulipokea jina, tukakataa ngoma. Huenda walikuwa na sababu: ngoma ile iliambatana na mapigano ya kweli na mambo mengine ambayo mchungaji asingaliweza kuyabariki. Lakini walipoiondoa hawakuweka kitu mahali pa ile hasira, nayo haikuondoka nchini kwa sababu tu ilinyimwa uwanja. Huonekana leo katika kunong'onezana kuhusu ni nani aliyemroga marehemu, wakati kwaya inaimba.

Na Biblia ilikuwa na kitu cha kuweka mahali hapo. Zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko tunavyozitumia; ya 88 huanza gizani na kuishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuona haja ya kuiongezea ubeti wa faraja. Rafiki zake Ayubu walikaa chini pamoja naye siku 7 bila kusema neno, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya uchungaji wao isiyolaumiwa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anasema kwamba si wao bali ni Ayubu, yule aliyelalamika, aliyenena yaliyo sawa.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya kitabu cha Wilson ni ya namna mbili. Kama maelezo ya jinsi watu wa nchi moja walivyokataa kumwacha mfiwa peke yake na fahamu zake, hatujaona kinachokishinda, nacho kinastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili na mtu anayejua Kinyakyusa vizuri, ili wazee waliobaki waweze kukisahihisha. Kama mwongozo wa tumaini, hakikujidai kuwa hivyo, na asikifanye hivyo mtu yeyote kwa shauku ya kuwa na teolojia ya Kiafrika kwa bei nafuu.

Tangu tulipokisoma tumebadili jambo moja dogo katika maziko tunayoyaongoza. Kati ya somo na mahubiri tunakaa chini, na tunawaambia wafiwa kwamba aliye na neno la kumwambia Mungu, hata likiwa kali, aliseme sasa. Mara ya kwanza mzee mmoja wa kanisa alitujia baadaye akiwa amefadhaika, akisema kwamba desturi hiyo haimo katika kitabu cha ibada. Ni kweli, haimo. Mara nyingi hakuna asemaye. Mara moja, katika kijiji kilicho njiani kuelekea Ipinda, kijana aliyefiwa na mkewe alisimama akasema maneno ambayo hatutayaandika hapa, kisha kaka yake akasimama akamjibu, si kwa kumkemea, bali kwa kusema yeye naye alikuwa amemkasirikia marehemu kwa ajili ya shamba la kakao, wala hakuwahi kumwambia. Ilichukua karibu saa nzima. Mahubiri tuliyokuwa tumeyaandaa tuliyarudisha mfukoni, tukasoma Zaburi, tukazika.

Bibi yule wa mtaa wetu wa kwanza alifariki kabla hatujajua la kumjibu.